Shangazi, Nifute Nyimbo Zangu za Huzuni?



*Mimi ni mwalimu wa shule ya upili huku Eldas, Kaunti ya Wajir. Nina miaka 28, kwetu ni Bungoma, na huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Sitaki kusema watu wa huku ni wabaya. Jirani yangu huniletea maziwa ya ngamia, na Ramadhani ikifika hakosi kuniita kufuturu. Lakini jua likizama, Shangazi, mambo hubadilika. Tumeambiwa tusitembee usiku, kwa hiyo giza likiingia nami niko ndani. Kanisa hakuna karibu. Wakristo tuliopo ni walimu wachache, nesi mmoja na askari wa kambini, na hukutana Jumapili tukipata nafasi.*

*Mwaka jana msichana niliyepanga kumwoa aliniambia hawezi kungoja mtu anayeishi mahali ambapo wazazi wake wanaogopa hata kupataja. Tangu hapo nalala na waya za simu masikioni, nikisikiliza nyimbo za walioachwa, za waliofilisika, za waliofiwa: bongo fleva, rumba za zamani za baba yangu, hata za Kizungu. Nyingine narudia mpaka adhana ya alfajiri inanikuta macho.*

*Likizo ya Desemba nilimweleza mchungaji wetu wa nyumbani. Alisema hizo ni nyimbo za dunia na zimeifungulia mlango roho ya mauti. Akaniambia nizifute zote, nijaze simu nyimbo za Injili. Nilijaribu. Lakini alizonipa zote ni za ushindi: nitainuliwa, nitaendesha gari, maadui wataona. Nikizisikiliza najiona mtu ambaye Mungu amemruka kwenye foleni. Nikarudia zile za zamani, na sasa nina hatia juu ya huzuni.*

*Mara kadhaa nimejikuta nikiwaza kwamba nikilala nisiamke itakuwa nafuu. Sijamwambia mtu. Nizifute hizi nyimbo? Na je, Mkristo anayependa nyimbo za kukata tamaa bado ana tumaini?*

*Mwalimu, Eldas*

---

Mwanangu,

Jambo zito kuliko yote umeliweka mwisho wa barua, tena kwa maneno machache. Mimi nitaanza nalo.

Wazo la kulala usiamke halikuletwa na wimbo peke yake. Kukosa usingizi, upweke, uchumba uliovunjika na wasiwasi wa usalama kila jioni, vyote vikimwangukia mtu mmoja, akili huchoka mpaka ikaugua. Ugonjwa huo huitwa sonona, na una matibabu. Kwa hiyo kabla hujagusa wimbo hata mmoja kwenye simu yako, mwambie yule nesi mnayeabudu naye yale uliyoniandikia mimi, kwa maneno yale yale. Akupeleke kwa daktari au mshauri nasaha, hata ikibidi mfike hospitali ya rufaa mjini Wajir. Usiku ukikulemea na hakuna wa kumwamsha, piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Sheria isikutishe. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, na wengi walikaa kimya kwa hofu hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Na kumwambia mtabibu mawazo yanayokusumbua hakujawahi kuwa kosa.

Wala usione haya mbele za Mungu. Nabii Eliya alikaa chini ya mretemu jangwani akaomba roho yake itwaliwe. Soma 1 Wafalme 19. Malaika hakumkemea wala hakumpima imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mazungumzo ya utume wake yalikuja baada ya safari ndefu, tumbo likiwa limeshiba na mwili umepumzika. Ukiona nesi anakuuliza kwanza habari za kula na kulala, ujue amefuata utaratibu wa mbinguni.

Sasa tuje kwenye nyimbo. Usizifute.

Simlaumu mchungaji wako. Aliona kijana wake anadhoofika akakamata kile kilichokuwa karibu. Lakini kugawa nyimbo kuwa za dunia huku na za Injili kule hakukuambii ni ipi yenye tumaini. Ukichuja hivyo, utaanza kuitupa Biblia yenyewe. Katika Zaburi zote 150, karibu theluthi ni maombolezo: watu wanaolia, wanaolalamika, wanaomuuliza Mungu amelala wapi. Zaburi ya 88 haina hata ule mgeuko wa mwishoni tuliouzoea. Inaanza na kilio na kumalizikia gizani. Waliokusanya kitabu kile wangeweza kuiacha nje au kuiongezea ubeti wa shangwe. Hawakufanya hivyo. Kitabu cha Maombolezo nacho kina sura tano, na maneno yake mazuri ya tumaini yako katikati, katika sura ya tatu. Baada ya hapo kilio kinarudi, na kitabu kinaishia na swali.

Hata Bwana wetu, usiku wa kusalitiwa, aliimba na wanafunzi wake kabla ya kutoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Mathayo 26 inasema hivyo. Kesho yake msalabani, alipoachwa na karibu wote, maneno yaliyomtoka yalikuwa ya mwanzo wa Zaburi ya 22, ambayo ni maombolezo. Huzuni iliyoimbwa haikumwondoa katika imani, nawe haitakuondoa.

Pengine kati ya nyimbo zako za Kizungu upo ule wa mito ya Babeli. The Melodians wa Jamaika waliutoa mwaka 1970, na Boney M. wakaufanya wa kuchezwa dunia nzima mwaka 1978. Umepigwa harusini, vilabuni na ndani ya matatu, na wengi waliocheza hawakujua kwamba wanacheza Zaburi ya 137. Habari yenyewe ni chungu. Watu wamechukuliwa mateka, na waliowateka wanawataka waimbe nyimbo za furaha za kwao. Mateka wanakataa. Wanatundika vinubi vyao mitini, wanakaa wanalia.

Nataka uizingatie Zaburi hiyo. Wale walikuwa watu wa Mungu, na walikataa kuigiza furaha. Ikiwa nyimbo za magari na maadui kuaibika zimekushinda kuimba, imani yako haijafa. Tatizo ni kwamba nyimbo hizo zimelipa tumaini bei na tarehe. Mwenye gari hazihitaji, na asiyekuwa nalo anaambiwa kimyakimya kwamba hajaomba vya kutosha. Tumaini la Mkristo limesimama juu ya mtu aliyekufa kweli, akazikwa kweli, kisha akafufuka. Halikuruka Ijumaa likatua Jumapili. Mwimbaji anayeahidi Jumapili kila siku ya juma anawadanganya wasikilizaji wake, hata akilitaja jina la Yesu katika kila mstari.

Muziki wa Afrika Mashariki nao umelia tangu zamani, na haukulia bure. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni kilio cha kijana anayependa na hana mali ya kuolea. Baadhi ya yaliyokupata wewe aliyasema kabla hujazaliwa. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki katika ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, aliimba "Shida", na watu wazima wa Kenya na Tanzania bado wanautambua kwa noti zake za kwanza za gitaa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba juu ya kifo na juu ya mnyonge asiye na mtetezi. Waliofiwa walimsikiliza kwa sababu hakuwaambia wanyamaze. Baadaye, afya ilipomwangusha, Remmy aliacha muziki wa dansi akaingia kanisani na kuimba Injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Sidhani kwamba alitoka gizani akaingia nuruni kwa siku moja. Mtu aliyekuwa amekitazama kifo usoni na kukiimba kwa ukweli alikuwa tayari ameuliza swali ambalo Injili huja kulijibu.

Huku kwetu mtazame rapa Juliani. Alikulia Dandora, karibu na jalala kubwa la Nairobi, katika mtaa uliolitoa kundi la rap la Kalamashaka, na akaanza na kundi la Ukoo Flani Mau Mau lililorap juu ya njaa, polisi na ghadhabu. Alipookoka na kuanza kurap Injili hakuondoka mtaani katika mashairi yake. Albamu yake ya "Mtaa Mentali" imejaa Dandora ile ile. Taka bado zinanuka, lakini kuna Mtu anayeambiwa kuhusu taka hizo.

Hicho ndicho kipimo ninachokupa, mwanangu. Ukisikiliza wimbo wa huzuni, uliza unaimbwa kwa nani. Mwimbaji wa Zaburi ya 88 hana jibu hata moja, lakini tangu mstari wa kwanza anazungumza na Mungu wake. Hajaacha kumwita. Mwimbaji wa Zaburi ya 42 anaigeukia nafsi yake na kuihoji kwa nini imeinama, na akishaihoji mara moja anairudia tena, maana nafsi iliyovunjika haishawishiki mara moja. Nyimbo nyingi za dansi na za bongo fleva zina mtu zinayemwita: mama, rafiki, mpenzi aliyeondoka, Mungu. Hizo zikitoa machozi, ni machozi yanayosemwa na mtu. Kuna nyimbo nyingine, nazo ni chache, ambazo hazimwiti yeyote. Zinasema hakuna wa kusikia, na kwamba kuondoka ndiyo raha. Za namna hiyo ziweke kando kwa sasa. Sikwambii zina pepo. Mgonjwa wa vidonda vya tumbo huacha pilipili kwa muda, na hakuna anayemwambia pilipili ni dhambi.

Na hata zile nzuri, usizisikilize usiku kucha. Wimbo mmoja ukirudiwa kwa saa nyingi, masikio mawili, chumba kimoja, unaacha kukusindikiza na kuanza kukuzungusha palepale. Zima simu mapema na uiweke mbali na kitanda. Usingizi ni sehemu ya matibabu yako.

Badala ya kusikiliza, imba, tena ukiwa na wenzako. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, miguu ikiwa katika mkatale, na Matendo 16 haisahau kusema kwamba wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Walikuwa wawili. Nyinyi mko walimu, nesi na askari. Jumapili msipokutana, chagueni jioni nyingine mnayoruhusiwa, ndani ya ua mmoja, kwa sauti isiyomkera jirani. Msianze na nyimbo za ushindi. Chukueni Tenzi za Rohoni mtafute "Kaa Nami". Henry Francis Lyte, kasisi wa Uingereza, alikuwa mgonjwa wa kifua na alikufa mwaka 1847, mwaka ule ule ambao wimbo huo unahusishwa nao. Ni wimbo wa jioni, na jioni ndiyo saa inayokutesa. Mwimbaji hamwombi Mungu aondoe giza. Anamwomba asiondoke wakati linapoingia. Au imbeni ule wa salama rohoni, wa Horatio Spafford, aliyepoteza mabinti wanne meli ya Ville du Havre ilipozama mwaka 1873. Angela Chibalonza, binti wa Kongo aliyeifanya Kenya kuwa kwao na akafa kwa ajali ya barabarani mwaka 2007, alituachia sauti ya Injili ambayo bado hupigwa matangani. Mtu hapeleki matangani wimbo usiojua machozi.

Usidhani pia kwamba huzuni ya Eldas ni yako peke yako. Wazee wanaokaa kwenye kivuli karibu na shule yako wanayakumbuka mauaji ya Wagalla, Februari 1984, wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege na wengi hawakurudi. Wameona ukame uliotanda tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mifugo ikianguka njiani, halafu mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yakasomba iliyobaki. Na bado wanaimba. Wachungaji wa Kisomali wana nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani: mtu anavuta maji, mwenzake anapokea, mnyama anasikia sauti na kutulia. Siku ya mapumziko, ukiwa salama na mwenyeji wako, muombe akupeleke ukawasikilize. Kisha rudi usome Habakuki sura ya tatu, mwisho wake, pale nabii anapohesabu mizabibu isiyozaa na mazizi yasiyo na ng'ombe, halafu anaamua kumfurahia Bwana. Ukiwa Bungoma kwenye mahindi unaweza kuisoma sura hiyo kama shairi tu. Eldas utaisoma kama taarifa ya habari.

Uliniuliza kama bado una tumaini. Tumaini katika eneo lenu lina historia ya watu, na nitakupa watatu. Annalena Tonelli alikuwa Mkristo Mwitalia aliyekuja Kenya mwaka 1969 kufundisha, kama wewe, akafika Wajir mwaka 1970 akaishia kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu ambao wengine waliwaogopa. Wakati wa Wagalla aliwakusanya majeruhi na kuwazika waliokufa, habari zikafika nje ya nchi, naye baadaye akalazimika kuondoka. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Wa pili hana jina moja. Julai 2012 makanisa mawili yaliposhambuliwa Garissa, viongozi wa Kiislamu walijitokeza na kusema vijana wao watayalinda. Wa tatu ni Salah Farah, mwalimu Mwislamu wa Mandera. Desemba 2015 basi alimosafiri lilisimamishwa karibu na El Wak, na washambuliaji wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria walikataa, wanawake wakiwafunika wenzao kwa hijabu. Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Karibu haya yote yalitokea katika nchi ile ile ambamo watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka huo wa 2015, baadhi yao wakiwa kwenye maombi ya asubuhi. Sikutajii watu hawa ili nikufanye uone aibu ya kulia. Nataka ujue kwamba jirani anayekuletea maziwa ya ngamia ametoka kwenye ukoo huo wa tumaini, na unaweza kumwambia, kwa lugha nyepesi tu, kwamba siku hizi hulali.

Kuhusu yule msichana, sitamlaumu. Aliogopa, na hofu yake ina sababu. Uomboleze uchumba huo kama anavyoombolezwa mtu. Usiharakishe kutafuta mwingine wa kuziba pengo. Na daktari akisema afya yako inahitaji uhamisho, peleka ombi lako kwa Tume ya Huduma kwa Walimu ukiambatisha ripoti ya daktari. Hakuna aya ya Biblia inayosema mwalimu mwaminifu ni yule anayefia kituoni. Ukipona ukaamua kubaki, ubaki kwa hiari yako, wala si kwa kuogopa kuitwa mwoga.

Kwa hiyo majibu ya maswali yako mawili ni haya. Nyimbo zako zibaki, isipokuwa zile chache zisizomwita yeyote. Na mtu aliyeandika barua ndefu hivi kuomba msaada bado anaamini kuna wa kumsikia. Hilo ni tumaini tosha kuanza nalo. Kesho kabla ya kipindi cha kwanza, mtafute nesi. Ukishazungumza naye, niandikie uniambie alichosema.

Nawe msomaji mwenye ndugu, mtoto au rafiki anayefundisha Eldas, Mandera, Garissa au kokote kaskazini mashariki: usimtumie klipu ya mahubiri. Mpigie simu leo usiku, umuulize amekula nini na amelala saa ngapi, na umsikilize mpaka amalize.